Wifi Yangu Bangoni

Siku bango lilipopandishwa nilikuwa nashona mkono wa gauni, sindano ikanichoma kidole. Niliinua uso kwa maumivu tu, nikamwona wifi yangu angani. Alikuwa mkubwa kuliko nyumba, amejifunga kilemba chake cha kijani, anacheka meno yote nje, na nyuma yake imepangwa mali ya watu wengine. Kidole nilikisahau. Damu ilinidondoka kwenye kitambaa cha mteja nami nimesimama mdomo wazi.

"Wifi!" nikaita. "Hebu toka uone ulivyotundikwa!"

Wifi mwenyewe, yule wa kimo cha binadamu, akatoka kibandani na beseni mkononi. Akatazama juu. Beseni lilimponyoka, likazunguka chini mpaka likatulia, naye bado ametazama juu. Kisha akaketi kwenye kizingiti changu.

"Tangi la babu wa watu," akanong'ona. "Limeonekana lote, wifi."

Kweli lilionekana lote, na bluu yake. Chini yake kampuni ya mikopo ilikuwa imeandika kwa herufi za kutisha: ALIANZA NA MKEKA, LEO NI TAJIRI. Sasa ngoja nikwambie huyu mwanamke ni nani, maana bango lile lilisema mengi na halikusema kitu.

Ni dada wa mume wangu. Mawifi wengi huishi kwa kuviziana. Sisi tulijaliwa kuishi kwa kutaniana, kibanda changu cha ushonaji kikipakana na chake. Mumewe alikwenda kutafuta maisha, akayapata, hakurudi kuyaleta. Alimwachia binti mmoja, na wifi akatandika mkeka kando ya barabara akaanza kuuza mabeseni. Mpita njia angedhani ni kazi ya kukaa. Lakini beseni kwake lilikuwa na tabia zake. Aligonga kitako chake kwa vidole akasikiliza, kwa sababu plastiki iliyochanganywa na takataka hutoa sauti butu na hupasuka ikikutana na jua. Ndoo aliikalia, na mwili alijaliwa, kabla hajamuuzia mtu. "Ikinibeba mimi itabeba maji," alikuwa akisema. Aliyerudi na beseni lililopasuka alibadilishiwa bila maneno mengi. Watu wakamwita Mama Mabeseni, na walitoka mbali kuja kununua kwa mwanamke anayekalia ndoo.

Binti yake ndiye aliyekuwa hesabu yake yote. Alikuwa chuo cha uuguzi, mji mwingine, amebakiza mwaka mmoja. Wifi hakuwahi kuongea na mteja zaidi ya muda kidogo bila kumwingiza. "Siku nikiugua," alisema, "nataka anidunge sindano mwanangu mwenyewe, tena asinionee huruma." Akila vizuri alisema ni chakula cha nesi. Akila vibaya alisema ni ada ya nesi. Ungemchukulia duka, nyumba na kilemba chake, angekusamehe. Chuo cha yule mtoto kilikuwa kitu kingine.

Na mtu asije akasema mimi naisema vibaya mikopo. Mkopo wa kwanza ndio uliomtoa chini. Walikuwa wanawake watano, kila mmoja kamdhamini mwenzake, wakikutana kila wiki kwenye banda la mabati kuleta rejesho. Pesa ilikuwa ndogo na alijua ya kuifanyia nini: aliacha kununua kwa wachuuzi, akanunua kwa muuzaji wa jumla, akapata kibanda chenye mlango na kufuli. Wa pili ukampa rafu na bidhaa za kuzijaza. Alilipa yote miwili bila kukosa wiki. Siku aliyomaliza wa pili alininunulia soda mbili, akanitazama nikizinywa zote, akasema, "Kunywa, wifi, wewe ndiwe mtoto wangu wa pili, ila hukusoma."

Mkopo wa tatu ndio uliokuja na sheria. Walitaka waone dukani mali yenye thamani mara mbili ya pesa unayoomba. Sasa niambie, mwenye mali mara mbili ya pesa anaomba pesa ya nini? Lakini sheria ni sheria, na safu yetu ya vibanda ikaitafutia dawa. Tuliita kumvisha bibi harusi. Siku afisa mikopo akitarajiwa kumkagua mmoja wetu, asubuhi na mapema jirani wa chupa za chai alileta chupa zake, wa sufuria akaleta sufuria, na babu wa matangi kule mwisho wa safu akatuviringishia tangi lake la bluu. Tangi hilo lilipendwa kuliko vyote, kwa sababu lilijaza ukuta mzima uliokuwa mtupu. Afisa alihesabu, akaandika, akaondoka, na kabla ya mchana kila kitu kilikuwa kimerudi kwao. Kila mtu alimvisha mwenzake. Hata kibanda changu kimewahi kuamka na majora ya vitambaa nisiyoyajua hata rangi.

Wifi alitaka kiasi cha wastani tu, cha kununua mzigo mmoja moja kwa moja kiwandani. Faida ya mzigo ule ilikuwa ada ya mwaka wa mwisho, amekwisha kuipangia kabla hajaipata. Tukamvisha. Tukamvisha vizuri mno, nadhani kwa sababu tulimpenda. Babu wa matangi alilipangusa tangi lake kwa kanga iliyolowa, na jirani wa chupa za chai alizipanga kwa rangi, akarudi nyuma kutazama, akasema hata yeye angemkopesha.

Afisa hakuja peke yake. Alikuja na meneja wake, mtu mnene wa sauti nzito, na kijana wa kamera. Nilimwona wifi rangi inamtoka. Hata fundi wa redio alizima redio.

Meneja alisimama katikati ya duka akageuka polepole. "Hii yote yako, mama?"

"Ipo dukani kwangu," wifi akajibu. Hapo nilimvulia kofia, maana hakusema uongo.

"Na ulianza na nini?"

"Mkeka, baba."

Yule bwana akapiga makofi. Akamgeukia afisa kama anayemkaripia. "Mama huyu mnampa mkopo wa kikundi? Mnamdhalilisha! Mtoeni kikundini leo. Mpeni wa peke yake, mara tatu ya alichoomba, duka lenyewe liwe dhamana."

Afisa alifungua mdomo, akaufunga. Sisi majirani tulitazamana. Nani angesema? Angesemaje? Kijana wa kamera akamweka wifi mbele ya tangi. "Cheka, mama." Akacheka. Kicheko kile cha bangoni watu walikuja kukisifu, eti kina baraka. Mimi nilikuwa pale. Kilikuwa cha woga mtupu.

Walipoondoka nilimfuata. "Kataa, wifi. Wewe unajua nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Nikikataa wataniuliza kwa nini," akasema. "Nitajibu nini? Na nitaiweka salama. Pesa nyingi si nyoka."

Hakuiweka salama, kwa sababu rejesho lilianza wiki iliyofuata na pesa iliyokaa haizai. Akamtumia mtoto ada yake kwanza, kisha akakodi kibanda cha pili. Akaagiza mabeseni mpaka yakafika darini, tukawa tunaingia kwake ubavuubavu. Kwa macho duka lilikuwa limekua, hata mimi nilijivuna. Lakini wanunuzi walikuwa wale wale, na kosa lilikuwa lake mwenyewe: beseni alilokuuzia Mama Mabeseni halikupasuka. Mtaa mzima ulikuwa na mabeseni yake, mazima, yanang'aa, wala hakuna aliyehitaji jingine. Wateja walipita wakamsalimu, wakasifu duka, wakaenda zao.

Rejesho nalo halikujua salamu. Kila wiki siku ile ile, na sasa hakukuwa na wenzake wanne wa kumshika mkono. Akaanza kuuza kwa bei aliyonunulia. Kisha chini ya bei aliyonunulia, ili tu apate pesa ya siku ile. Akanunua plastiki ya bei rahisi afidie. Ndoo hakuzikalia tena. Siku moja mama mmoja alirudisha beseni lenye ufa, na nikamsikia wifi yangu, mimi mwenyewe na masikio yangu, akimwambia, "Ukishatoka nalo hapa ni lako." Mkasi uliniponyoka. Tangu nimjue sikuwahi kumsikia akimfokea mteja. Yule mama aliondoka, na wifi akageukia ukuta ili nisimwone uso.

Hapo ndipo bango lilipopandishwa.

Mwenye vibanda alikuja kesho yake. Alisimama barabarani, akatazama juu, akatazama chini, akatangaza kodi mpya. Muuzaji wa jumla, aliyekuwa akimpa mali na kungoja wiki moja, alicheka mpaka akakohoa. "Wewe wa bangoni uniombe mimi nikungoje?" Ndugu wa ukoo ambao hatujawahi kuwaona walitokea na shida zilizonyooka. Mmoja alileta mbuzi wa kumpongeza, akaondoka na pesa ya mbuzi wawili. Hata mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, aliniuliza chumbani kama ni kweli dada yake anatuficha kitu. Nilimjibu jibu ambalo halifai kuandikwa.

Mwishowe wifi akaniambia, "Nisindikize. Nakwenda kusema ukweli kabla sijaumbuka. Nitawarudishia mali iliyobaki, kinachopungua nitakilipa polepole kama binadamu."

Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la viatu, ngazi nyembamba zinanuka gundi. Afisa alikuwa peke yake, kijana mwenye tai iliyolegea na macho ya kukosa usingizi. Wifi hakukaa.

"Mwanangu, siku ile mlipokuja, vitu vingine havikuwa vyangu. Niliazima."

Kijana akainuka, akafunga mlango, akavuta pazia. Mimi nikaanza kujiuliza polisi wataingilia wapi. Akarudi kuketi, akacheka kicheko kikavu.

"Mama, tangi lile la bluu nimelihesabu kwako. Nimelihesabu kwa muuza sufuria. Nimelihesabu kwa fundi huyu hapa." Akaninyooshea kalamu. "Lina mkwaruzo mrefu ubavuni. Kila nikilikuta mahali papya nalisalimu moyoni."

 Mimi, ambaye nimeshona midomo ya mifuko ya nchi nzima isipokuwa wangu, sikupata neno. Wifi alishika ukingo wa meza.

"Ulijua? Na ukaandika?"

"Nikaandika. Nisipotoa mikopo ya kutosha kila mwezi nafukuzwa kazi, nina mke na mtoto mchanga. Nyinyi mnavisha duka, mimi navisha ripoti. Meneja naye anaivisha tena kabla ya kuipeleka juu."

"Meneja anajua?"

"Sijawahi kumuuliza. Sitaki jibu." Akainamisha kichwa. "Mama, nakuomba kama mwanao. Ukiwataja hawa majirani, ataletwa mkaguzi, atapita kibanda kwa kibanda, na mkopo wa kila mmoja utadaiwa wote kwa siku moja. Nenda nyumbani. Uza tu."

Tukashuka ngazi zile. Mlangoni wifi akasimama, watu wanatupita na viboksi vya viatu. "Nilikuwa nakosa usingizi," akasema, "nikidhani nimemdanganya mtu. Kumbe hakuna niliyemdanganya." 

Haikupita mwezi, meneja akamwita. Kampuni ilikuwa inafungua tawi katika mji mwingine, na mabango yake yalikwisha kupandishwa huko. Walitaka Mama Mabeseni aje kuwasemesha wanachama wapya. Maneno machache tu, asante na makofi. Wifi alitaka kukataa mpaka aliposikia jina la mji. Ndiko kulikokuwa na chuo cha binti yake.

"Nitasema bidii ni nzuri," akaniambia. "Bidii kweli ni nzuri, hilo si uongo. Halafu tunaenda chuoni kumshtukiza mtoto." Alifunga ndoo mpya ya binti, ya plastiki nene, ameikalia yeye mwenyewe. Ndiyo ya kwanza kukaliwa baada ya muda mrefu. Gari la kampuni likatuchukua, na njia nzima alikuwa ameipakata.

Ukumbi ulijaa wanawake kwenye viti vya plastiki. Mbele, ukuta mzima, picha ile ile. Mezani pembeni kaketi karani na fomu na kisanduku cha pesa. Afisa wetu kaegemea nguzo, hanitazami. Niliketi nyuma na ndoo ya wifi mapajani.

Meneja alimtambulisha kwa sauti iliyotikisa mabati. Wifi akapanda jukwaani, akapewa kipaza sauti, akasema kwamba bidii ni nzuri. Wakapiga makofi. Alikuwa karibu kushuka, nilimwona anatafuta ngazi kwa mguu, meneja alipomshika bega.

"Ngoja, mama! Tuna zawadi yako. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Jamani, binti wa Mama Mabeseni naye anajiunga leo!"

Kutoka safu ya mbele akainuka msichana aliyevaa fulana ya kampuni, na kifuani kwenye fulana alikuwa mama yake anacheka. Sikuamini macho yangu. Yule mtoto tuliyekuwa tunakwenda kumshtukiza chuoni alikuwa anapanda jukwaani mbio, machozi ya furaha yanamtoka, akamkumbatia mama yake. Nilisimama, ndoo ikaniponyoka. Kipaza sauti kilikuwa katikati yao, wazi, na ukumbi mzima ulisikia.

"Nilitaka nikushtukize, mama!"

"Leo si siku ya darasa? Chuo je?"

"Nimeacha, mama. Kwa muda tu. Nafungua duka la vipodozi."

"Umeacha." Sauti ya wifi ilikuwa ya mtu aliyepigwa kofi. "Ada niliyokutumia iko wapi?"

"Ndiyo niliyoweka akiba ya kuanzia. Lazima uweke akiba kwanza ndipo wakukopeshe. Mama, usinitazame hivyo! Wauguzi wenzangu waliomaliza mwaka juzi wako nyumbani, hawana kazi. Wewe hukukanyaga chuo hata siku moja, na uko bangoni."

Watu wakacheka na kushangilia. Nilitamani jukwaa limmeze mtu, sikujua nani.  Wifi alimgeukia meneja, na nikaona kitu nilichokuwa sijakiona tangu aache kukalia ndoo: alikuwa anasikiliza, amekaza jicho, kama anayegonga kitako cha beseni.

"Ameshatia sahihi?"

"Bado. Atatia hapa hapa, mbele yako, kwa picha."

"Asipotia, akiba yake?"

"Inarudi yote. Akishatia haitoki mpaka amalize mkopo. Lakini mbona, mama..."

"Mdhamini wake nani?"

"Wewe!" meneja akacheka.

"Mimi sitamdhamini."

Makofi yakapungua. Meneja akashusha sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa wifi. "Wala huna haja ya kutia sahihi. Duka lako linatosha. Nani hajaliona?" Akaionyesha picha ukutani.

Wifi akaigeukia picha ile. Alijitazama yeye mwenyewe muda, mkubwa, meno yote nje. Akaikaribia mpaka akaweza kuigusa.

"Tangi hili si langu," akasema. "Chupa hizi za chai si zangu. Sufuria si zangu. Haya majagi si yangu." Alikuwa anagusa kimoja kimoja. "Mabeseni haya ya mbele ndiyo yangu. Na hili, ukitazama vizuri, lina ufa."

Mtu mmoja akacheka, akadhani ni utani, akaona hakuna anayemfuata akanyamaza. Meneja aliukimbilia mkono wenye kipaza sauti. Wifi hakukiachia, na mwili kama ule humnyang'anyi kitu kirahisi.

"Ni vya nani basi?" meneja akauliza, amesahau kwamba wote wanasikia.

Afisa kwenye nguzo alikuwa amegeuka rangi ya jivu. Nami kijasho kilinitoka mgongoni, maana mkopo wangu umepita nyuma ya tangi lile lile. Neno moja tu, babu wa matangi, jirani wa chupa, mimi, safu nzima ingekuwa chini.

"Vya watu," wifi akasema. "Niliazima."

"Watu gani?"

"Walionipenda. Wengine siwajui."

"Mama, nyamaza," binti akalia. "Basi, mama, watu wanaona!"

"Ndiyo nataka waone. Wewe umeacha shule kwa ajili ya tangi la mtu."

Meneja akamsogelea uso kwa uso. Hakuwa tena na sauti ya ukumbini. "Unajua unachosema? Mkataba wako unasema ukikosa dhamana mkopo wote unadaiwa papo hapo. Wote. Kesho asubuhi naleta watu wachukue kila kilichomo dukani."

"Mrudishieni mtoto pesa zake kwanza."

"Nimesema kesho asubuhi!"

"Nimekusikia, baba. Mpe mtoto pesa zake."

Wanawake wa mbele walikuwa wamesimama. Walimtazama karani. Karani akamtazama meneja, meneja akatikisa mkono kama anayefukuza nzi, na kisanduku kikafunguliwa. Zilihesabiwa mbele ya watu. Wifi alizipokea, akazihesabu tena kwa kidole kilicholowa mate, akamkunjia binti yake kwenye kiganja na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Nenda chuoni sasa hivi. Wakikuuliza ulikuwa wapi, waambie ulikuwa unaugua. Na vua hiyo fulana."

Mtoto alikuwa analia kwa kwikwi, sijui kwa aibu au kwa hasira, nadhani yote. Lakini pesa alizishika. Nilimwona anazishika kwa nguvu, nikaanza kulia mimi.

Wifi akamrudishia meneja kipaza sauti, kwa adabu, mkono wa kulia umeshikwa na wa kushoto. Alishuka ngazi moja, kisha akageuka.

"Hiyo kesho, baba, msihangaike na lori," akasema. "Mkokoteni utatosha."